Mnyororo wa Mita Ishirini

Mimi nilishika ncha moja,
ya pili aliishika Bwana Zihindula,
mpimaji wa Idara ya Kilimo, Bukavu,
aliyekohoa kila alipoandika sifuri.
Chuma, pete mia moja, mita ishirini,
kikikwaruza migongo ya Kabare na Walungu,
kikilowana umande wa majani ya maharage.
"Vuta," alikuwa akiniambia.
"Mnyororo ukilegea, nchi inanenepa kwa uongo."

Mwaka wangu wa kwanza tulipanda Cimpunda,
kwa Mama Cibalonza.
Magimbi bondeni, mtama juu,
migomba imeizingira nyumba
kama wageni waliokataa kuaga.
Baba mkwe wake alimpelekea mwami ng'ombe mmoja,
kalinzi ya shamba lile,
na ng'ombe yule alilisha vizazi vitatu
bila kuchinjwa tena.
Tukaandika: hekta moja na robo.
Akatupa maharage yasiyo na chumvi,
akasema chumvi iko njiani.

Tuliporudi, wana walikuwa wamegawana.
Robo tatu.
Tuliporudi tena, vita vilikuwa vimeshuka na watu,
godoro kichwani, kuku kwapani,
na kila aliyefika aliomba mahali pa kulaza ubavu tu.
Nani atamnyima mtu ubavu?
Ubavu ukaota ukuta, ukuta ukaota bati,
na mimi na mnyororo wangu tukapita
jikoni kwa mtu, samahani,
chini ya kitanda cha mtoto mwenye surua, samahani,
tukitafuta mpaka wa mtama.

Kisha mvua ya usiku ule.
Kipande cha mlima kikaondoka na migomba yake imesimama,
kikateremka hadi mto Kawa,
na hakuna aliyekitilia sahihi.
Bwana Zihindula aliandika sifuri,
akakohoa,
kikohozi kile hakikumwacha.

Miaka ikapita. Ikaja ripoti kutoka Kinshasa,
karatasi laini, picha iliyopigwa kutoka juu sana,
mahali ambapo hata tai haoni haya ya mtu.
Mashamba ya nchi, ilisema, yameongezeka.
Niliisoma mara tatu nikitafuta uongo.
Sikuuona.

Maana Mugisho, kitinda mimba wa Cibalonza,
yuko huko nyuma ya Bunyakiri
na shoka, na kiberiti, na wenzake.
Alinipigia simu akiwa juu ya kisiki, ndiko mtandao uliko:
"Mzee, udongo huku ni mweusi, unaweza kuupaka mkate!"
Msimu wa tatu alipiga tena.
Sauti ilikuwa ndogo.
Udongo umeanza kupauka, alisema,
lakini mbele bado kuna miti.

Basi ndivyo jumla inavyotoka sawa.
Kinachopotea Cimpunda kinalipwa msituni, na chenji juu.
Anayehesabu kutoka angani anaona kijani kwa kijani,
haoni mtama uliogeuka sebule,
wala shoka linalosogea.

Jana nilimtembelea.
Analima lengalenga katika beseni lililopasuka,
limekaa juu ya choo, ndiko jua linakofika.
Mnyororo niliuchukua ofisini ilipofungwa;
siku hizi unafunga mbuzi wangu.
Nilikuja nao mkononi, mbuzi nimemuuza.
Akauona, akacheka bila meno:
"Unakuja kunipunguza tena?"
Nikamwambia siandiki tena, Mama, sina daftari.
"Andika kwenye kiganja. Mimi ni mkulima.
Nisipoandikwa, hiyo nchi yenu
itajuaje imekula wapi?"

Akafuta mkono kwa kitenge,
akashika ncha ya Zihindula.
"Vuta," akasema.

Pete mbili na nusu kwa pete mbili.
Chumvi ilikuwa imefika.